Nanay Pasing na Romulo Wake

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Dumangas, mama yeyote aliyeshindwa na mtoto mkubwa aliambiwa aende kwa Nanay Pasing, yaani Mama Pasing. Alikuwa mjane, mjumbe mwenzangu kwenye baraza la usuluhishi, na ushauri wake ulikuwa uleule kwa wote: "Ana ndevu? Mfungie mlango. Huyo si mtoto, ni mpangaji asiyelipa." Wenzake waliondoka wakilia, lakini wakimshukuru.

Nyumbani kwake, Romulo, kitinda mimba wake wa miaka thelathini na sita, aliamka adhuhuri akakuta samaki wake ameshatolewa miba. Mke alikuwa amemkimbia, naye akarudi kwa mama apumzike wiki mbili. Sasa mwaka wa nne ulikuwa unakatika. Alikunywa tembo la mnazi, akilewa akavunja vyombo, akilevuka akaomba radhi kwa sauti tamu. Nanay Pasing alisema mwanawe ana mawazo. Ya watoto wa wenzake aliyaita uvivu.

Sikukuu ya kijiji ilipokaribia, nguruwe aliyekuwa akimnenepesha akatoweka. Nanay Pasing akatangaza ameibiwa. Alijua fika kwamba Romulo ndiye aliyemuuza, kwani alirudi na jogoo wa kupiganishwa kwapani, ananuka pombe. Lakini kijiji kikiambiwa kuna mwizi, lazima kimpate. Wakamkamata Iking, fundi baiskeli, ambaye kosa lake lilikuwa kuonekana akipita na kamba.

Akaletwa mbele ya baraza.

"Nilikuwa namtafuta mbuzi wangu," Iking alilalamika. "Nanay, wewe unanijua tangu sijaanza kuvaa suruali!"

Nilikaa karibu na Nanay Pasing. Alijipepea, akaacha, akajipepea tena. Romulo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anasikiliza kama mgeni aliyepita njia. Kisha naye akachangia: "Watu kama hawa wafungwe tu. Wanawaliza wazee wetu."

Nanay Pasing akaweka pepeo mezani.

"Mwachieni Iking," alisema. "Nguruwe kauzwa na mwanangu, huyo hapo mlangoni. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Iking, baba, nisamehe."

"Nimekusamehe, Nanay," Iking alijibu. "Ila mbuzi wangu bado hajaonekana."

Alasiri ileile Nanay Pasing alizifua nguo za Romulo, akazipiga pasi, akazikunja vizuri. Hivyo ndivyo alivyomfukuza.

"Hapa hulali tena. Kibanda cha marehemu baba yako kipo kule kwenye mabwawa ya samaki, paa zima. Jumapili njoo ule. Ukija na akili zako, utakula mezani. Ukija umelewa utakula pia, lakini nje ya geti."

"Mama! Yaani unanitoa kwa sababu ya nguruwe?"

"Nguruwe nimeshamlilia, yamekwisha. Nakutoa kwa sababu nilikuwa tayari Iking afungwe ili wewe uendelee kulala."

Jumapili ya kwanza alikuja anaimba, miguu haishirikiani. Nanay Pasing akampitishia sahani juu ya geti, imejaa, na kijiko. Romulo akala amesimama barabarani, machozi yakidondokea wali. Majirani walitoka na viti vyao.

"Mwenzangu, una roho gani?" Luding akamwambia. Luding huyu ndiye aliyewahi kumfungia mwanawe mlango kwa ushauri wa Nanay Pasing. "Mtoto wako wa kumzaa!"

"Kweli eeh? Basi mkaribishe kwako, vyumba si unavyo?"

Luding akakumbuka ameacha chungu motoni.

Walipotawanyika nilimkuta Nanay Pasing ameegemea ukuta wa jikoni. "Yale maneno niliyokuwa nawaambia wenzangu," alisema, "sikujua yanauma hivi. Ningeyasema kwa sauti ya chini."

Romulo siku hizi analisha samaki wa watu kule mabwawani. Jumapili nyingine yuko mezani, nyingine yuko barabarani, na mapishi hayapungui. Wanawake bado wanakuja kwa Nanay Pasing kuomba ushauri. Siku hizi kwanza anawapa chai, anawasikiliza mpaka inapoa, ndipo anauliza kama wao wenyewe wamekula.