Kifaru Kilichopakwa Rangi Mapema

Kuna mchana mmoja huko Homa Bay ambao mpaka leo nikiukumbuka, mwanangu, natabasamu kwanza, kisha masikio yananiwaka moto. Nilikuwa na miaka ishirini, miaka ile ya tisini, nikifanya kazi kwa fundi wa vyuma hapa Suna ambaye sote tulimwita Baba Atieno. Nilikuwa msichana pekee katika kibanda chake. Watu walipita wakinitazama kama mbuzi aliyepanda paa, nami nilipenda kutazamwa, sitakuficha.

Chuo kimoja cha ufundi huko Homa Bay kilikuwa kimebakiwa na nafasi moja. Mwalimu wa vyuma alisema atampa yule atakayemletea kitu alichokiunda kwa mikono yake na kinachofanya kazi. Wengine walifikiria majiko na mikokoteni. Mimi niliamua kuunda kifaru cha jeshi, kama kile nilichokiona kwenye gazeti lililofungia maandazi. Usicheke. Baba Atieno hakucheka. Alinionyesha rundo la vyuma chakavu nyuma ya kibanda, akaniambia nichague.

Kazi ilinichukua miezi minne. Mwili niliukata kutoka kwenye mapipa ya mafuta, urefu wake sawa na kitanda. Injini ilikuwa ya pampu ya maji ambayo mkulima mmoja alikuwa ameitupa. Ile mikanda ya kutembelea ndiyo iliyonitoa jasho: kila upande vibao arobaini vya chuma, vimechomelewa kimoja kimoja juu ya minyororo ya pikipiki. Kulikuwa na vyuma viwili vya kuvuta; ukivuta cha kushoto, mkanda wa kushoto unasimama na kifaru kinageukia huko. Siku kilipozunguka kibanda nami nimekikalia, nilijiona nimeiva, sina la kufundishwa tena.

Sasa, Baba Atieno alikuwa na desturi moja. Ukimaliza kuchomelea, unachukua kinyundo chake na kugonga kila kiungo, ganda jeusi lidondoke, usikie chuma kinavyolia. Kiungo kizima kinalia wazi. Kibovu kinatoa sauti butu, na hapo unarudia. Rangi haikuguswa kabla ya nyundo. Mimi niligonga vile vya nje tu. Vya ndani ya mikanda, ambavyo havionekani, niliviacha, maana safari ilikuwa kesho yake na mkebe wa rangi ya kijani ulikuwa umeshafunguliwa.

"Nyara, umegonga zote?" aliniuliza. Kwa Kijaluo, nyara maana yake ni binti yangu, ndivyo alivyoniita.

"Nimegonga, Fundi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Nikapaka rangi hadi ndani kabisa.

Mimi na Baba Atieno tulikipandisha kwenye lori la magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, tukaenda nacho. Uwanja wa chuo ulijaa watu. Injini iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba, kifaru kikaenda hatua kumi vizuri kabisa, nami nikawapungia watu mkono kama mheshimiwa. Mwalimu akaonyesha rundo la changarawe, akasema kifaru kipande juu yake. Kilipoinua pua tu, mkanda wa kushoto ukakatika. Wa kulia uliendelea kusukuma, kikawa kinajizungusha palepale mpaka nikazima injini. Watu walicheka wakashika magoti.

Mwalimu aliinama, akautazama ule mkanda, akamgeukia Baba Atieno. "Mzee, hii nani alichomelea?"

Angeweza kusema chuma kilikuwa kibovu, nami ningeokoka. Badala yake aliniangalia. Uwongo nilikuwa nao tayari mdomoni, mwanangu, ila yale macho yalinishinda.

"Ni mimi, mwalimu. Hizo za ndani sikugonga. Fundi aliniuliza, nikamdanganya."

Baba Atieno akatoa kinyundo mfukoni. Alikuwa amekibeba kutoka Suna. "Haya, gonga sasa," akasema, "mwalimu asikie."

Nililala mavumbini na gauni langu la kanisani, nikagonga. Rangi ilibanduka pamoja na ganda, na vibao tisa vikanibaki mkononi. Hakuna aliyecheka tena. Nafasi ilimwendea kijana aliyeleta mkokoteni, lakini mwalimu aliniambia nirudi muhula unaofuata na kifaru hichohicho, bila rangi.

Tukirudi nilimwuliza Baba Atieno kama alijua tangu mwanzo.

"Nilijua. Lakini ningekushika pale Suna, ungegonga kwa sababu unaniogopa mimi. Na mimi nitakufa."

Niligonga muhula mzima. Nilirudi na kifaru cheusi, kimejaa makovu, kikapanda lile rundo na kushuka upande wa pili, nami nikaingia chuoni. Kibanda hiki unachofanyia kazi kilitoka huko.

Basi sikiliza. Jana nilikuuliza kama umegonga viungo vyote vya geti la zahanati, ukajibu upesi mno. Nimefikia umri wa kuyatambua majibu ya namna hiyo. Sehemu isiyoonekana ndiyo inayobeba mzigo, igonge ukiwa peke yako. Na ukikosea, sema ni wewe kabla hujaulizwa mara ya pili. Mungu akupe sikio la kusikia kiungo kibovu, na mdomo wa kusema ni mimi niliyekichomelea. Gari la kuchukua geti linakuja saa nane. Kinyundo cha Baba Atieno nimekiweka juu ya mkebe wako wa rangi.