Khanga Juu ya Ovaroli

Mkono wa kulia wa mama yangu umezikwa nyuma ya nyumba ya Bibi, kijijini kwetu upande wa Madaba, kati ya kaburi la Babu na shina la mparachichi. Mama mwenyewe yuko hai. Anaishi Mshangano, anafuga kuku, na ukimpigia simu asubuhi atakwambia usubiri kidogo, anamalizia kuchora.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huniuliza wakishanizoea. Lakini mimi nikikumbuka siku zile, si kaburi linalonijia kwanza. Ni harufu. Juzi nilipita kwenye banda la mchomeleaji jirani na kwa Mama, kijana mmoja akiunga geti, na ile harufu ya chuma kilichoungua, kali, kama radi imepiga karibu, ikanisimamisha barabarani. Kijana akavua miwani akaniuliza kama nina kazi ya kuchomelea. Nikamwambia sina, nikaendelea kusimama.

Nilikuwa na miaka tisa Mama alipokwenda Songea kusoma. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kinatafuta watu wa vijijini wa kufundishwa kutengeneza mashine ndogondogo: za kupukuchua mahindi, za kukamua alizeti, za kukata majani ya ng'ombe. Wazo lilikuwa kwamba mtu mwenye biashara yake kijijini asilazimike kupakia mashine mbovu kwenye lori kila kinapokatika kitu kidogo. Mkutano wa kijiji ulitaja wanaume watatu. Wawili walikataa kwa sababu ya mashamba, wa tatu akasema atafikiri. Mama akanyoosha mkono. Nimesimuliwa kwamba mwenyekiti alimwangalia Baba, Baba akaangalia kofia yake, kisha akasema, "Kama anaweza, aende."

Akakaa miezi mitatu. Aliporudi alikuwa na ovaroli ya bluu, viatu vizito vyenye chuma puani, na macho mekundu kama mtu aliyelia safari nzima. Usiku wa kwanza alilala na vipande vya viazi mviringo juu ya macho, ndivyo walivyofundishana wenyewe chuoni pindi mwanga wa kuchomelea unapowachoma. Bibi, mama yake Baba, alivitazama vile viazi muda mrefu, kisha akasema mjini wamempiga mkwewe na sasa wanamficha makovu kwa mboga.

Mwalimu wao alikuwa Mwalimu Rashidi, Myao wa Namasakata kule Tunduru, mwembamba, mpole wa kusema. Mama alikuwa akimnukuu kama katekista anavyonukuu Injili. Neno nililolishika mapema kuliko yote ni hili: "Mashine haina mkwe." Maana yake, alivyotueleza Mama, ni kwamba mashine haikuonei haya, haijui wewe ni nani wala umetoka ukoo gani. Ukikosea, inakukosea. Nililipenda neno lile. Nilikuwa nalitumia hata kwa mbuzi.

Kazi ya kumaliza mafunzo ilikuwa kutengeneza mashine moja nzima nyumbani kwako, kwa mahitaji ya watu wako, wakubwa wa chuo waje kuikagua ikifanya kazi. Ikikubalika, unapewa vifaa vya kuanzia karakana yako: mashine ya kuchomelea, msumeno wa umeme, seti ya spana. Mama alichagua mashine ya kupukuchua mahindi. Sisi wakati ule tulikuwa tunayajaza mahindi kwenye gunia na kuyapiga kwa fimbo mpaka mabega yanakufa ganzi, na wanawake waliokuwa wakinunua mahindi kijijini kupeleka sokoni walikuwa wanapoteza wiki nzima katika kupiga. Mama alitaka kuwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba na mashine yake. Alilitaka jambo hilo kwa namna ambayo mtoto anaiona. Alikuwa akisahau kula.

Alichora mashine sakafuni kwa mkaa, ukubwa wake halisi, tukawa tunaruka mistari kwenda kulala. Vyuma alikwenda kuviunga Madaba penye umeme, akavirudisha vipande vipande, akaviunganisha kwa bolti kwenye banda nyuma ya nyumba. Mkanda na puli alivifunika kwa bati, kama alivyofundishwa. Kilichobaki ni shafti, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na injini. Upande wa kushoto ilizidi kidogo, ikatokeza nje ya beringi iliyoishikilia, kama urefu wa kidole changu cha kati. Aliipima mbele yangu. Msumeno wake wa mkono ulikuwa umeisha meno. "Hapo nitapakata msumeno mwingine ukipatikana," alisema. "Wewe usisogee." Nikamuuliza kwa nini, mbona ni chuma laini, kama mpini. Akasema hicho laini ndicho kibaya, kwa sababu kinapozunguka unakiona kama kimesimama.

Sasa niwaambie kuhusu ovaroli, maana bila hiyo hamtaelewa.

Kijijini kwetu wakati ule hapakuwa na mwanamke aliyevaa suruali mchana mbele za watu. Mama alipoanza kufanya kazi na ovaroli, alipewa jina kabla wiki haijaisha: Fundi Suruali. Wanaume waliokaa kilabuni walikuwa wakimwona anapita na vyuma begani wanasema, "Jamani tukimbie, Mama Sesi leo atatupukuchua na sisi." Mama alikuwa anacheka. Aliwajibu mara moja tu, kwamba wao hawana punje. Bibi hakucheka. Hakuwahi kumfokea Mama, hilo niliweke wazi. Alisema tu, siku moja tukichambua mboga, kwamba ovaroli inamgawa mtu miguu, na mke wa mwanawe hafai kusimama mbele ya wageni akiwa amegawanyika. Mama akaitikia, "Ndiyo, Mama," kama mkwe anavyopaswa kuitikia, akaendelea kuvunja majani ya maboga.

Na mimi? Mimi shuleni niliimbiwa. Wimbo ulikuwa mfupi na haukuwa mzuri. Nilipigana mara moja, nikashindwa. Baada ya hapo nilimwomba Mama, wazazi wakiitwa shuleni, avae gauni lake la kanisani. Akaniangalia, akasema sawa.

Siku ya ukaguzi Baba alikuwa Mbinga kwenye kazi za kahawa. Wageni walifika saa nne asubuhi kwa gari la chuo: Mwalimu Rashidi na wakubwa wawili ambao majina yao siyakumbuki. Walikaribishwa ndani, Bibi akawapa chai, wakasalimiana salamu ndefu za kuuliza mvua, mazao na waliobaki nyumbani. Mama alikuwa bandani anakaza bolti za mwisho, na ovaroli yake.

Ninachokumbuka mimi ni hiki. Bibi aliniita chumbani kwake. Akatoa khanga sandukuni, ya njano yenye maua meusi, ikinuka karafuu. Akaniwekea mikononi akasema, "Mpelekee mama yako ajifunge. Wageni wameshafika." Nikatembea kutoka mlango wa nyuma mpaka bandani nikiwa nimeibeba kwa mikono miwili kama mtumishi wa altare. Mama aliitazama. Akatazama nyumba. Akaifunga kiunoni juu ya ovaroli, fundo upande wa kushoto, na mimi nilifurahi, kwa sababu sasa alifanana na mama za wenzangu.

Wageni wakaja bandani, na majirani nyuma yao. Mwalimu Rashidi alimwangalia Mama, akafungua mdomo, akamwona Bibi amesimama pembeni, akaufunga. Mama akawasha injini. Mashine ikafanya kazi. Nataka mjue hivyo, ilifanya kazi vizuri sana: mahindi yaliingia juu mazima, punje zikamwagika upande mmoja kama mvua juu ya bati, magunzi yakarukia upande mwingine, na wale wa kilabuni wakanyamaza. Mmoja wa wakubwa aliokota punje kiganjani akazigeuza kutafuta iliyovunjika. Hakuipata. Mama akazunguka kwenda upande wa kushoto kumwonyesha beringi.

Sikuona khanga ikishikwa. Niliona Mama ameinama ghafla, kama anayemsujudia mtu. Ile shafti ilikuwa inamvuta kiunoni, naye akatanguliza mkono wa kulia ajizuie, na kilichokuwa mbele yake ni mdomo wa mashine. Mwalimu Rashidi ndiye aliyeruka na kuzima injini. Baada ya hapo nakumbuka sauti moja tu, punje chache zilizokuwa bado zinadondoka.

Alipelekwa hospitali Songea kwa gari lile lile. Baba alirudi kutoka Mbinga, akakaa naye, na baada ya siku kadhaa akaja kijijini na boksi dogo. Hospitali ilikuwa imemuuliza kama familia ingependa kuzika wenyewe. Bibi akasema ndiyo, damu ya ukoo haitupwi. Katekista aliitwa, akaeleza kwa unyonge kwamba hajui sala ya mkono, akapiga ishara ya msalaba na kusimama nasi. Bibi aliufunga ule mkono kwa ile khanga iliyochanika. Alifanya kazi yote mwenyewe, akiwa amepiga magoti. Hakuruhusu mtu amsaidie.

Vifaa vya karakana vililetwa, kwa kuwa mashine ilikubalika. Vilikaa mwaka mzima bila kufunguliwa. Kisha asubuhi moja tukasikia Mama bandani anakata chuma, amekibana kwa goti, msumeno uko mkono wa kushoto. Alikuwa anaikata ile shafti. Tangu hapo mashine zote alizotengeneza, na ziko nyingi kuanzia Madaba mpaka karibu na Tunduru, shafti huishia ndani ya beringi. Anayefundishwa naye huambiwa hivyo kabla hajaambiwa jina la chuma.

Nilipokuwa mtu mzima, kazi yangu ikiwa ni kuuliza watu na kuandika wanachosema, niliamua kuuliza na hili.

Nilianza na Mwalimu Rashidi, ambaye amestaafu, ana mikorosho yake Namasakata. Nilimpa shikamoo, akaniitikia. Alisema aliiona khanga mara tu alipoingia bandani, Mama alikuwa tayari ameifunga, na alijua hapo hapo kwamba ni hatari. "Sasa ningesemaje, mwanangu?" aliniuliza. "Nimwambie mke wa mtu avue khanga mbele ya mkwewe, na mimi ni mgeni, nimetoka kunywa chai yake? Astaghfirullah. Niliona haya. Mimi niliyewafundisha kwamba mashine haina mkwe." Nani aliyeileta, hakujua.

Bibi nilimuuliza mwaka wake wa mwisho. Alikuwa amelala lakini akili yake ilikuwa timamu. Aliwakumbuka wageni, chai, hata rangi ya gari. Nilipofika kwenye khanga, akanishika kidole. "Mimi sikukutuma, Sesi," alisema. "Nilikuwa na wageni ndani. Sikukutuma." Sikubishana naye. Nilidhani ni mzee anayejitua mzigo kabla ya safari, na nilimwonea huruma. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, nilivyodhani, lile ambalo mtoto hakulielewa: kwamba hapakuwa na mbaya siku ile, kila mtu alikuwa anamstahi mwenzake, na heshima yote ile ilikwenda kujikusanya kwenye kipande cha chuma cha urefu wa kidole.

Ningeweza kuishia hapo kama nisingemuuliza Mama. Alikuwa mezani kwake Mshangano, rula imekandamizwa na jiwe, anachora kwa kushoto. Nilimwambia nilichokumbuka na Bibi alichosema. Hakuinua kichwa.

"Khanga niliivaa mwenyewe," alisema. "Tangu asubuhi. Hakuna aliyeniletea."

Nikamwambia nakumbuka karafuu, nakumbuka alivyotazama nyumba.

"Ulikuwa mtoto. Nipe hiyo penseli."

Mama hakuwahi kuwa na khanga ya njano. Baada ya maziko ya Bibi tulifungua sanduku lake, na kipande cha pili cha doti ile kilikuwamo, njano, maua meusi, kimekunjwa. Kwa hiyo ilitoka humo, na Mama ananificha kitu. Mwanzoni nilifikiri anamkinga Bibi. Sasa sina hakika kama anayekingwa ni Bibi au ni mimi. Nakumbuka sura ya Bibi akiniwekea khanga mikononi, lakini naikumbuka sawasawa na ninavyoukumbuka ule wimbo wa shuleni, na jinsi nilivyokuwa naogopa wale majirani wakija watamwona Mama na suruali yake.

Bibi alifunga sanduku lake kila siku, ufunguo akiuvaa shingoni, na hakuna mtoto aliyeweza kuligusa. Lakini vikombe vya wageni vilikuwa vinakaa humo humo. Siku ile sanduku lilikuwa wazi tangu asubuhi.