Poldi na Kiti cha Marehemu Mshauri

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimechemsha kahawa. Mke wangu Leopoldine, ambaye jengo zima lilimwita Poldi, alirudi na ndoo na tambara la ngazi, akaketi kwenye kipandio cha chini kabisa badala ya kuingia ndani. Nilimsikia akivuta pumzi. Nikampelekea kikombe palepale.

"Unanitazama nini, mzee?" akasema. "Nimekaa tu. Watu hukaa."

"Wewe hukai."

"Basi leo nimeanza."

Alikuwa mtunza jengo letu, hapa Vienna, tangu vita viishe. Ngazi, taa, funguo, takataka, na maneno. Zaidi maneno. Mimi nilibeba makaa ya mawe mpaka mgongo ukakataa. Shule niliiona kwa nje. Poldi naye hakusoma sana, lakini alikuwa na ugonjwa wa muziki. Kila alipopata nafasi alikwenda kwenye ukumbi wa dhahabu wa okestra, akasimama nyuma pamoja na wasio na viti, akafunga skafu yake kwenye chuma cha kuegemea mbele yake. Skafu ikishafungwa, nafasi ni yako. Unaweza kwenda kula soseji na kurudi, hakuna atakayeigusa. Nimeona watu wa mji huu wakiibiana wake. Skafu sijaona.

Watunzi wa muziki aliwapima kama wapangaji. Hakuwa na kipimo kingine. Brahms angemwaga majivu ya sigara koridoni na kukununia ukimwambia. Liszt asingefaa kabisa, maana wanawake wangejaa ngazini wakigombea glavu zake, na nani angefagia? Chopin angekohoa usiku kucha na kuletewa supu na wake za watu. Tchaikovsky angelia bila kufunga mlango, ili jengo zima lijue. Wagner angechukua ghorofa nzima, kisha awakataze majirani kupumua. Bruckner ndiye aliyempenda, kwa hiyo ndiye aliyemsema zaidi.

"Huyo ni mgeni asiyejua kuaga," alikuwa akisema. "Anaaga, anavaa kofia, anarudi, anaaga tena. Ukidhani ameondoka, yuko mlangoni anamshukuru Mungu."

Simfoni ya tisa ya Bruckner, ile ambayo mwenyewe alikufa kabla hajaimaliza, ilikuwa ipigwe kesho yake, Jumapili asubuhi. Poldi aliisubiri mwaka mzima. Alitaka sehemu moja tu, mwisho, pale pembe za kupulizwa zinaposhika sauti ndefu na kuiachia polepole. Aliisikia hivyo mara moja akiwa msichana, na tangu hapo, alisema, wote wanaiachia kama watu wanaokimbilia tramu. Tiketi yake ya kusimama ilikuwa kwenye droo ya visu. Daktari naye alikuwa ameshasema: moyo umechoka, ngazi basi, kusimama basi.

"Daktari anasikiliza vifua," Poldi alimjibu. "Muziki hajui."

Tukiwa pale ngazini, Bi Mshauri akashuka. Alikaa ghorofa ya pili. Mume wake alikuwa Mshauri wa serikali, na kwetu cheo cha mume hakizikwi naye. Mjane hukivaa mpaka naye azikwe. Alikuwa na viti viwili ukumbini, vya kurithi. Viti vya namna hiyo haviuzwi, watu husubiri mtu afe. Tangu Mshauri afariki, kiti chake kilikaliwa na mkoba wa mjane.

"Mkoba ule umesikia Schumann kuliko padre yeyote," Poldi alizoea kusema. "Na unasikiliza vizuri kuliko marehemu. Marehemu alikuwa akilala."

Bi Mshauri alisimama juu yetu na glavu zake.

"Bi Poldi, nimesikia habari za moyo wako."

"Ulidhani sina?"

"Kesho njoo ukae nami. Kiti kipo."

"Na mkoba utakaa wapi?"

"Mapajani mwangu."

"Maskini mkoba. Umeshazoea makuu."

Bi Mshauri hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka. "Uwe tayari mapema," akasema, "na usije na hilo koti la kufagilia." Akaenda zake.

Poldi akanigeukia. "Umesikia? Nikakae na wale waliojipaka krimu. Wanakuja kuonyeshana mikufu, wanalala, wanaamshwa na makofi, wanasema ilikuwa ajabu. Bora nife nimesimama."

"Ukianguka katikati," nikamwambia, "mwisho wake hutausikia."

Alinitazama. Kisha akajaribu kuinuka na ndoo. Mkono ukashika ukuta, ukakaa hapo. Ndoo niliichukua mimi.

"Nitakaa," akasema, akiwa bado ameushika ukuta. "Lakini asinieleze tunasikia nini."

Jumapili nilikwenda na tiketi yake ya kusimama. Miaka yote nilikuwa nikimsubiri kwenye kilabu cha mvinyo, ng'ambo ya barabara. Alinipa skafu. "Funga katikati, si pembeni. Ferdl akikusogelea, mkanyage."

Ferdl alikuwa dereva wa tramu mstaafu, jirani yake wa pale kwenye chuma. Alipoiona skafu ya kijivu na mimi nyuma yake, uso ulimshuka.

"Poldi yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Kule mbele kichwa chake kidogo kilikuwa kando ya nywele za Bi Mshauri, zilizojengwa kama keki ya harusi.

"Ametuhama," Ferdl akasema.

"Ameazimwa."

Wakaanza. Juu ya muziki ule sina la kusema. Kulikuwa na kishindo kama makaa yanamwagwa kwenye shimo, kisha kimya, kisha kishindo tena. Ilipofika sehemu ya mwisho, ile ya polepole, nilikuwa namwangalia mke wangu tu. Kichwa kilikwenda mbele. Kikarudi. Kikaenda kando, kikatua kwenye bega la Bi Mshauri.

"Anasali?" Ferdl akaninong'oneza.

"Analala."

"Poldi?"

"Kiti ni laini."

Nilitaka kwenda kumwamsha. Katikati yetu kulikuwa na chuma, na safu za magoti ya wakubwa. Hakuna apitaye hapo muziki ukiendelea. Afadhali uingie kanisani na mbwa. Nikamkazia macho Bi Mshauri. Amwamshe yeye. Alimtazama Poldi, akashusha bega kidogo ili kichwa kikae vizuri, akaendelea kutazama mbele.

Zile pembe zikafika. Hata mimi nilizitambua. Zilishika, zikashika, zikaachia. Nyuzi zikadonolewa kidogo, basi. Mwongozaji wa okestra akabaki na mikono juu, na ukumbi mzima ukazuia pumzi. Kwetu kimya kile ni sehemu ya muziki. Anayepiga makofi kabla mikono haijashuka hasahauliki. Kuna mmoja alifanya hivyo kabla ya vita, na wajukuu zake bado wanasemwa.

Kimya kilimwamsha Poldi. Akapiga makofi.

Peke yake. Makofi ya mikono iliyokamua matambara maisha yote. Yalifika hadi kwenye sanamu za dhahabu. Vichwa vikageuka, safu baada ya safu. Bwana mmoja akatoa sauti ya kumnyamazisha, kama anafukuza kuku. Niliiona shingo ya mke wangu ikiwa nyekundu, na mikono yake imekwama hewani.

Bi Mshauri akavua glavu moja. Akavua ya pili. Akaanza kupiga makofi naye, kidevu juu, akimtazama yule bwana usoni. Wakawa wawili, mjane wa Mshauri na mfagia ngazi, wakiiharibu simfoni ya tisa pamoja. Mwongozaji akashusha mikono. Alikuwa amekasirika. Ndipo ukumbi ukafuata.

Nje, Poldi hakumtazama. "Ungeniamsha," akasema.

"Marehemu wangu alikuwa akilala hapohapo miaka yote," Bi Mshauri akajibu. "Nimezoea. Na mkoromo wake ulikuwa mbaya kuliko wako." Akaita teksi. Hakutukaribisha.

Ndani ya tramu Poldi aliikunja skafu yake, akaikunjua, akaikunja tena. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Pembe. Zilishika?"

"Zilishika."

"Na kuachia?"

Sikuwa na neno la watu wa muziki. Nikamwambia ilikuwa kama kushusha gunia la mwisho la siku, na mgongo bado haujaamini.

Akafikiri. "Basi walipiga vizuri," akasema.

Jumatatu hakuamka.

Sasa ngazi zinafagiliwa na kampuni. Wanakuja na mashine, wanaondoka, hawamsemi mtu. Jengo limekuwa safi na halina maana.

Maneno yake ya Jumapili jioni, akinywa supu jikoni, nayaandika kama yalivyotoka: "Yule mama hajui kitu cha muziki. Kesho nitaanza na ngazi zake."