Askari Aliyebisha Hodi

Juzi wajukuu walinipeleka Kamakis kula nyama. Juu ya kaunta palikuwa na televisheni, na madude ya kijani yalikuwa yakishuka kutoka angani. Kijana wa meza ya pili akawaambia wenzake kwamba zamani wazee wetu walikuwa wakikimbia sinema wakidhani ni kweli. Wakacheka. Hata wajukuu wangu wakacheka. Nikaisukuma sahani kando. Keti nikwambie, rafiki yangu, maana pale nilinyamaza, na hasira haijaniisha.

Siku za Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau, tuliishi katika kijiji cha kulazimishwa kati ya Ruiru na Thika, nyumba zimebanana, mtaro uliojaa miti iliyochongwa ncha umetuzunguka. Kwetu palikuwa ng'ambo ya mto. Tulitolewa huko asubuhi, uji aliokuwa akiupika nyanya yangu ukiwa bado mekoni. Askari hawakuuliza neno. Waliupiga mlango teke, wakatusukuma nje, wakawasha paa. Nyanya alitoka amenishika mimi mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, kwa sababu ndio aliokuwa akikorogea.

Mchana akina mama walichuma kahawa kwenye shamba la mzungu, nasi watoto tukaokota zilizoanguka. Bado nazisikia zikidondoka ndani ya debe tupu, bado nasikia ile harufu ya maganda yaliyochacha. Jioni githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mara nyingi bila chumvi.

Siku moja mwenye shamba alileta sinema. Ilionyeshwa mchana, ndani ya stoo ya kahawa, madirisha yamezibwa kwa magunia, kwa kuwa jua likishatua hatukuruhusiwa kutoka kijijini. Kitambaa cheupe kilitundikwa ukutani. Kando alisimama mfasiri wake, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi aliyekulia shambani humo na kukijua Kikuyu kutuzidi sisi watoto.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Jiwe la moto linaanguka karibu na mji wa wazungu, na ndani yake yanatoka madude yenye jicho moja yanayoyeyusha ng'ombe kwa kuwatazama tu. Hakuna aliyekimbia. Nyanya alitazama huku akitafuna mahindi ya kukaanga. Alininong'oneza kwamba msimulizi akisema kuna zimwi, basi kuna zimwi. Mpe nafasi uone anakokupeleka. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akitusimulia mekoni, na mimi nilimwamini kila neno.

Kisha watu wa ule mji wakaambiwa wahame. Askari akafika kwa bibi kizee mmoja, akabisha hodi, akavua kofia. Bibi akamwomba angoje, amtafute paka wake. Askari akangoja. Akainama hata kumsaidia kumtafuta chini ya kitanda, na madude yale yanakaribia.

Nyanya akasimama. Alisema kwa Kikuyu, wala hakupaza sauti: "Hapo mmetudanganya. Dude la jicho moja nimelikubali. Lakini askari wa kubisha hodi, huyo ametoka nyota gani?"

Stoo nzima ilicheka. Akina mama walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi nilikuwa sijasikia kicheko kama hicho tangu tuchomewe nyumba. Mwenye shamba akasimamisha mtambo, akamuuliza mfasiri mama huyu amesema nini. Mfasiri alikuwa amewaona wanawake wakichapwa viboko kwa neno dogo kuliko hilo. Akajibu kwa Kizungu, maneno machache, na uso wa mzungu ukalainika.

Akaja mpaka tulipoketi. Akamshika nyanya mkono, akampitisha katikati ya watu wote, akaubandika mkono wake kwenye kile kitambaa. Akasema polepole, kama anayembembeleza mtoto, "Kitambaa. Kitambaa tu. Hapana ogopa, mama." Akamshikisha mara ya pili, kwa kuwa aliona anatetemeka. Kutetemeka alitetemeka kweli, lakini mimi niliyekuwa nimeuona uso wake nilijua ni kwa nini.

Tulipotoka, mfasiri alitufuata. Alikiri kwamba amemwambia mzungu kikongwe huyu anaogopa madude. "Nisamehe, cucu," alisema, akimwita nyanya kama tulivyomwita sisi. "Ningesema kweli wangekupiga."

"Ungewaacha wanipige," nyanya akamjibu. "Yale yalikuwa maneno yangu."

Tangu siku hiyo hakutusimulia tena hadithi. Tulimwomba sana, alisema amechoka. Mwenye shamba naye alikisimulia kisa cha bibi aliyeogopa kitambaa kwa kila mgeni wake, mpaka alipouza shamba na kuondoka. Wageni wakakimeza chote bila kutafuna. Kwao, zimwi lilihitaji mitambo na taa ili liaminike, lakini ujinga wetu haukuhitaji chochote.

Nyanya alifia kijijini humo, mtaro haujafukiwa. Baadaye tulipewa kipande cha ardhi kule Ngoliba, kwenye ukame, tukaambiwa tushukuru. Stoo ilibomolewa. Hata mtu wa kumuuliza njia ya mtoni hayupo.

Mwaka jana nilikwenda kwetu, ng'ambo ya mto. Kuna maghorofa ya kupangisha. Mlinzi wa geti, kijana mpole, aliniuliza kama natafuta chumba. Nikamwambia nimezaliwa hapa, na pale yalipoegeshwa magari palikuwa jiko la nyanya yangu. Akatabasamu vile watu wanavyowatabasamia wazee waliochanganyikiwa. Akanishika kiwiko kwa heshima zote, akaanza kunielekeza barabarani.

Nikauondoa mkono wake.