Jina la Mwanangu Lilivyopigiwa Kura

Aibu ninayo, sikatai, lakini hasira ninayo zaidi, kwa hiyo ukiona naandika kama mtu anayegombana ujue ndivyo ilivyo, nagombana, na ninaogombana nao wako mbali, wamekaa studio huko Dar es Salaam wanakunywa chai, hawana habari kwamba kuna kijiji karibu na Pande ambako mtoto wa miezi minane alibadilishwa jina kwa watu kunyoosha mikono, kama vile wanaamua shamba la kijiji lianze kupaliliwa upande gani.

Chanzo ni redio. Kijiji chetu kilikuwa na redio moja ya maana, kubwa, ya betri sita, mali ya wote, inalala ofisini kwa Mwenyekiti (mume wangu Issa naye alikuwa nayo moja, lakini ile mpaka uizabe kofi ndiyo iseme). Basi kila Jumapili saa kumi alasiri redio ya kijiji ilitolewa nje ikawekwa juu ya stuli, watu wakajaa, tukasikiliza mchezo ulioitwa Rubani Zahoro. Ulikuwa mchezo wa mambo ya sayansi, kijana wa Kitanzania anaendesha chombo kupita mwezi, lakini sayansi yenye watu ndani yake, maana huyo Zahoro alikuwa na mama, na mama yake alikuwa huku chini anatwanga, na kila chombo kilipopata matatizo huko juu tulikuwa tunasikia kwanza mchi unasimama. Sehemu ya mwisho Zahoro akawapa wenzake hewa yake ya kupumua, akafa yeye, na mama yake anatwanga tu, hajui. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nililia mpaka Issa akadhani uchungu umeanza, akakimbia kumwita mkunga.

Nilipojifungua mtoto wa kiume nikasema anaitwa Zahoro. Uamuzi mdogo tu, wa mama aliyechoka, amelala kitandani. Kumbe mama mkwe wangu alikwisha andaa jina lake, jina la marehemu mumewe (silitaji hata hapa, mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe, na kuliandika naona vilevile). Sasa niambieni, mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe nitamwitaje kama jina lake siruhusiwi kulitamka? Tena kwetu mtoto akipewa jina la babu basi ni babu amerudi: akikohoa, babu naye alikuwa anakohoa hivyohivyo, akitema mlenda, babu naye mlenda hakuugusa, na bibi yake atamwita "mume wangu" mpaka aoe. Nikasema hapana, mimi nimezaa mtu mpya, sikuzaa wa kurudiwa. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nina haki ya kusema hapana mara moja katika maisha yangu. Issa akasema, "Amueni wenyewe," akaenda kwenye mikorosho yake na kule akakaa mpaka jua linatua. Mbuzi wa akika akachinjwa, Maalim wa chuo cha Kurani akalisoma jina la Zahoro mbele ya watu, mama mkwe akakaa jikoni kanuna, na mimi nikashinda.

Ningenyamaza na ushindi wangu nisingekuwa naandika haya. Lakini mtoto alipofika miezi minane redio ikatangaza kwamba kutakuwa na mchezo mpya, umezaliwa na ule wa kwanza, unaitwa Maabara ya Dokta Pazi, na kwamba Zahoro atarudi. Huyo Dokta Pazi katika mchezo wa kwanza kazi yake ilikuwa kuwapima marubani mapigo ya moyo na kusafisha koo, hakuwa mtu wa kupewa mchezo wake mwenyewe. Na mtu mwenye akili angejiuliza: Zahoro alikufa, atarudije? Mimi sikuuliza. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni, "Jumapili njooni mumsikie somo yake mwanangu!" Nikaazima sufuria kubwa la harusi, nikapika uji wa pilipili manga wa kuwatosha wote. Nikamshonea mtoto kanzu na kofia. Na mama mkwe nikamwekea kiti mbele kabisa, karibu na redio, eti asikie vizuri (nia yangu ilikuwa mbaya, nakiri, nilitaka awasikie watu wakimshangilia Zahoro na yeye amekaa pale hana pa kuangalia).

Mchezo ukaanza. Mlango unalia, chupa zinagongana, Dokta Pazi anaongea. Mlango unalia tena, Dokta Pazi anaongea. Hakuna chombo, hakuna mwezi, hakuna mchi, ni mtu mmoja chumbani anajisifu kama muuza dawa mnadani. Nikajipa moyo, nikasema moyoni subiri, Zahoro anakuja. Mara Dokta akasafisha koo lake lile akasema, "Zahoro mnayemjua ninyi hakuwa Zahoro. Zahoro wa kweli alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Nilichukua kipande cha ngozi yake, nikakiotesha, nikapata mwingine. Na huyo aliyefia angani si hasara, ninao wanne bado."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti wetu, ambaye hawezi kusikia jambo akaliacha bila kulifafanua, akasimama, akaweka mikono nyuma. "Ndugu zangu, hili ni jambo la kitaalamu lakini si gumu. Mnaijua pingili ya muhogo? Unakata, unafukia, unapata muhogo uleule. Basi ndiyo hivyo, ila hapa ni mtu."

"Kumbe Zahoro ni muhogo!" akasema Zuhura, jirani yangu, ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji redio. Watu wakaangua kicheko. "Shoga, na huyo wako ni wa kuchemsha au wa kukaanga?"

"Nyamaza usikilize, Zuhura."

"Nasikiliza, mama pingili."

Maalim hakucheka. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anaongea kama peke yake. "Astaghfirullah. Na jina hilo nililisoma mimi. Mbele ya mbuzi wa watu."

Mama mkwe akaurekebisha ushungi wake, akageuka kwenye kile kiti nilichomwekea mwenyewe, akaniuliza kwa upole kabisa, na upole wake ndio unaoua, "Mwanangu, huyo somo ya mjukuu wangu ana mama, au hana?"

Redio ndiyo ikajibu, maana hapohapo wakamleta mama yake Zahoro, yule wa kutwanga, wakamsimamisha mbele ya Zahoro wanne (sauti ni ya mtu mmoja, nawaapia, mmoja kaziba pua, mmoja ana kigugumizi, mmoja anaongea kama mzee), Dokta akamwambia, "Haya, chagua mwanao." Na yule mama analia, anasema hajui. Hajui! Mimi nilichokuwa nimempendea Zahoro ni yule mama. Niliyalilia machozi yake nikiwa na mtoto tumboni, halafu mtu fulani na kalamu yake anaamka asubuhi anaamua kwamba mama huyo miaka yote alikuwa anatwanga kwa ajili ya mtu wa chupa na hakugundua. Na kama Zahoro akifa anatolewa mwingine, basi ile hewa aliyowapa wenzake ilikuwa ya nini? Tulilia nini sisi? Mwanangu usiku wa giza tororo akilia katikati ya watoto ishirini namjua, kwa pumzi tu namjua, sihitaji hata alie.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. "Mwongo!" nikaipigia redio kelele. "Mwongo mkubwa! Mama gani hamjui mwanawe?"

"Kaa chini, mke wa Issa," akasema Mwenyekiti.

"Sikai! Waandishi gani hawa? Wamezaliwa na nani?"

Nikaenda kuizima. Ndiyo kosa la pili, au la tano, nimepoteza hesabu. Mtoto nilikuwa nimempakata mkono wa kushoto, mimi natafuta kitufe kwa mkono wa kulia, yeye na kanzu yake akaiona ile antena inavyong'aa, akaishika. Na mtoto wa miezi minane akishika kitu mnajua wenyewe. Nikarudi nyuma, yeye hakuachia, redio ikaja nayo, ikainama kwenye stuli kama mtu anayetoa salamu, ikaenda moja kwa moja ndani ya sufuria la uji lililokuwa pembeni ya stuli. Bado ilikuwa inasema. Wallahi, ndani ya uji ilisema, "Mimi ndiye Zahoro wa—" halafu ikatoa mapovu.

Uji ulikuwa umepoa, hakuna aliyeungua, lakini Mwenyekiti alipata wake shati zima, na wengine usoni. Na hakuna aliyecheka, hata Zuhura. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Ndugu wananchi," Mwenyekiti akasema huku anajifuta ndevu, "mali ya umma imeharibika. Kwa kuwa tupo wote hapa, naona huu ni mkutano."

Nikasema nitaleta redio yetu. Watu wakacheka sana, kwa sababu wanaijua. Nikasema basi nitapalilia shamba la kijiji zamu zangu na za wengine msimu mzima. Sauti ikatoka nyuma, "Shamba litasema taarifa ya habari?" Issa alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Mama mkwe akainuka. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamfuta uji vidole kwa ncha ya kanga, kimoja kimoja. "Pole, mume wangu." Halafu ndipo akawageukia watu. "Marehemu aliniachia redio. Iko kashani, nimeifunga kwa kanga, tangu alipofariki haijaguswa. Nawapa kijiji, iwe yenu. Sitaki chochote. Nataka huyu aitwe jina lake."

Nikasema, "Jina lake analo!"

"La muhogo," akasema mtu.

Mwenyekiti akamuuliza Maalim kama dini inaruhusu. Maalim akasema jina likibadilishwa kwa lililo bora hakuna ubaya, tena akaongeza kwamba roho yake ingetulia. "Basi," akasema Mwenyekiti, "wanaoafiki hoja ya Bibi wanyooshe mikono."

Jamani. Mikono ilipanda kama mabua ya mtama. Zuhura alinyoosha yote miwili. Na msidhani ni kwa kumpenda marehemu, wala kwa kumwonea huruma mama mkwe, la! Walitaka redio ili Jumapili inayofuata wajue katika wale Zahoro wanne yupi atachaguliwa! Wale wale waliokuwa wanacheka! Nikamtazama Issa. Alikuwa anajikuna sikio. Nikamkazia macho, na yeye ananiona, halafu ule mkono uliokuwa unakuna ukaanza kupanda, polepole, kama si wake. (Baadaye aliniambia, "Niliona kila mtu ananyoosha." Hilo ndilo jibu lake mpaka leo.)

"Wanaopinga?"

Nikanyoosha mimi, mkono umejaa uji mpaka kiwiko.

"Mmoja," akasema Mwenyekiti. "Hoja imepita."

Sikwenda tena kusikiliza, lakini redio ya marehemu ilikuwa na sauti kubwa kuliko ile ya kwanza, ikanifuata mpaka jikoni. Jumapili baada ya Jumapili mlango unalia, Dokta anaongea. Mpaka siku ya mwisho, nakuna nazi, nasikia Dokta Pazi anaamka kitandani anahema, anaambiwa na nesi kwamba alikuwa na homa kali ya malaria, kwamba hakuna nakala, hakukuwa na nakala, aliota tu, na Zahoro alikuwa Zahoro, mtoto wa mama yake. Mwisho wa mchezo. Ngoma ikapigwa, asanteni kwa kutusikiliza.

Niliacha nazi na mbuzi yake palepale, nikaenda ofisini na nazi iliyokunwa mikononi. Nikamwambia Mwenyekiti, umesikia mwenyewe, Zahoro ni mtu, ana mama, nirudishieni jina la mwanangu. Akanitazama kwa huruma ya kikazi.

"Ndugu, azimio la kijiji halitenguliwi kwa sababu ya ndoto ya mgonjwa."

Niliendelea kumwita Zahoro nyumbani, kwa ukaidi, nikidhani mtoto atamfuata aliyemnyonyesha. Majuzi alikuwa anatambaa kuelekea kisimani, ameshaanza kusimama simama, nikamwona kutoka mbali, nikapiga kelele, "Zahoro! Zahoro!" Hakugeuka. Mama mkwe akatoka mlangoni, wala hakupaza sauti, akaita lile jina nisiloruhusiwa. Mtoto akageuka papo hapo, anacheka, akamrudia bibi yake. Nilikaa chini kwenye mchanga. Sikumkasirikia mtoto. Niliwakasirikia wote wengine, na orodha hiyo inaanzia studio.

Sasa nina mimba tena. Redio siisikilizi, na mtu akianza kuniambia kuna mchezo umezaa mchezo naondoka na kazi yangu mkononi. Jina la huyu nimekwisha litunga, herufi kwa herufi, halijawahi kuwa la mtu yeyote, si aliye kaburini wala aliye hewani, na simwambii Issa wala nani mpaka Maalim awe amekwisha lisoma. Ataanza nalo yeye mwenyewe. Na anayetaka kupiga kura akampigie mbuzi wake.