Valvu ya Marehemu wa Igamba

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikifika katikati hutacheka tena. Mimi si mlevi, na hapa sijaongeza chumvi hata punje. Yalinikuta mwenyewe, Chapwa, kwenye kibanda changu cha ufundi redio, saa tisa alasiri, jua linawaka na malori ya mpakani yanapiga honi.

Mdogo wangu Ezekia anapiga gitaa. Nilimuundia amplifaya kwa mkono wangu, ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka nyekundu ndani ya redio za zamani. Sauti yake ilikuwa safi, lakini yeye safi haitaki! "Kaka, nataka gitaa likorome, likwaruze mpaka watu wasimame." Kila siku wimbo huo huo. Kupata mkwaruzo huo nilihitaji valvu moja zaidi, ya kuisukuma sauti kabla haijafika kwenye valvu kubwa. Nikaitafuta Tunduma nzima, nikavuka hadi Nakonde, hola.

Wakati huo bibi mmoja wa Igamba alikuwa ameniletea redio ya mumewe, aliyezikwa wiki ile ile. "Unga waya tu, mwanangu. Ndani usitoe kitu, ndugu hawajakaa." Ananiambia mimi, mtoto wa Mbozi! Nani kwetu hajui kwamba vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae kikao uvigawe? Nilijua vizuri sana. Nikaichomoa valvu yake hivyo hivyo, nikajiambia nitairudisha kabla hajaja.

Nikaichomeka kwenye amplifaya, nikakata na waya mmoja uliokuwa unaituliza sauti. Niamini, gitaa liliunguruma mpaka bati likatetemeka. Ezekia alicheka kwa raha. Nami nilifurahi, siwezi kudanganya.

Sasa, amplifaya ya valvu huvuma kidogo hata isipopigwa. Ghafla ule mvumo ukakatika, huku taa zote zinawaka. Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimeinama, nikaona viatu tu, vyeusi, vipya, bila soksi.

"Fundi, redio yangu ya Igamba tayari?"

Unatujua sisi mafundi, mdomo unajibu kabla ya akili. Nikasema, "Bado, mzee. Njoo kesho."

"Kesho," akasema taratibu. "Haya."

Ndipo nikainua macho. Alivaa koti la suti, na puani alikuwa amezibwa pamba.

Alipomgeukia tu Ezekia, mdogo wangu akapiga ukelele. Akaanguka pamoja na amplifaya, na ile valvu ikapasuka vipande vipande. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja ngumi, na mpaka leo haujafunguka. Nilidhani ni shoti. Nikapima kila mahali kwa tester, hakuna umeme uliovuja. Hospitali nao hawakuona kitu.

Nikakimbilia Igamba kukiri. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo pamba niliiweka mimi. Ukamjibu nini?" Nilipomwambia, akajifunika uso kwa kitenge. "Mwanangu, umemwalika."

Na kweli alikuja kesho yake. Nilikuwa nimechomoa valvu nyingine kwenye amplifaya yenyewe, akaitazama akasema, "Si yangu." Tukahamia Mkwajuni, akaja. Wazee wa kanisa wakafunga na kuomba, akaja. Huwa zinapita wiki mbili tatu, halafu alasiri moja, saa tisa ile ile, unaona viatu mlangoni. Anauliza, sina cha kumpa, basi anamgeukia mdogo wangu. Sikio la kulia limekufa. Jicho moja limefuata. Jamani, mwizi ni mimi! Nimempigia magoti anichukue mimi. Akanijibu, "Aliyeitumia ni huyu."

Kwa hiyo wewe fundi mwenzangu, kitu cha marehemu ukiletewa, hata skrubu yake iache ilipo. Na mteja akiuliza, kwanza mtazame usoni.

Sasa ni saa nane na nusu mchana. Hatujui kama ni leo. Ezekia ameniomba nimshike ule mkono mzima, na nimeushika.