Soksi za Rubani

Jirani yangu hapa Penrith ni bibi Mjerumani anayekaribia miaka mia. Macho yalipomwisha nguvu, aliniomba nimsomee barua za mchumba wake, rubani aliyefia vitani. Kijerumani nilikisomea chuo kikuu, na hadi siku hiyo hakikuwa kimenifaa kitu.

Nilitarajia mapenzi. Rubani aliandika habari za soksi, viazi na kuhara. Nikamwonea bibi huruma, nikachomeka maneno ya barua zetu za sekondari: nakuwaza kama chai inavyowaza sukari.

“Wewe kijana!” akanikatiza. “Huyo hakunywa chai maishani. Barua zote ninazo kichwani. Nataka tu kuzisikia kwa sauti ya mwanamume. Rudi kwenye soksi.”

Nikarudi. Nilipofika mahali tumbo la rubani lilipotulia, bibi alikuwa analia.